Waya uliokuwa umejificha katika tairi langu

Leo asubuhi nimepata pancha ya pili wiki hii, tena katika gurudumu lile lile la nyuma la baiskeli yangu, nikiwa kwenye Barabara ya Jogoo hapa Nairobi nikitoka Donholm kwenda kazini Eneo la Viwanda.

Jumatatu nilibandika kiraka mwenyewe, nikajaza upepo, nikaondoka kwa haraka.

Leo nilikokota baiskeli hadi kwa fundi mmoja mzee anayefanyia kazi kando ya barabara. Aliizamisha tyubu katika beseni la maji mpaka viputo vikaonekana, lakini hakuanza kuiziba. Alichukua kitambaa, akakipitisha polepole ndani ya tairi, akizunguka lote, hadi kikanasa mahali.

“Kijana wangu, mwizi wako bado yumo ndani,” aliniambia.

Kwa ncha ya koleo alichomoa kipande cha waya chembamba kama unywele, kifupi kuliko punje ya mchele. Alinieleza kwamba nyaya kama hizo hutoka katika matairi ya malori yaliyopasuka, kwa kuwa yameundwa kwa nyuzi za chuma, na njia yangu ina malori mchana kutwa.

Waya huo nimeuhifadhi katika kifuniko cha chupa, hapa mezani. Namshukuru sana mzee yule kwa utulivu wake.

Nimeongeza kitambaa na koleo ndogo mkobani, pamoja na gundi, msasa na tyubu ya akiba.

Wenzangu mnaoendesha baiskeli Nairobi, ninyi hubeba nini?