Gari kumisi na oili kwenye plagi: jinsi nilivyotatua

Gari ni SUV ya 2002, injini ya petroli ya silinda nne, kila plagi na koili yake (kifaa kinachoipa plagi umeme wa kutoa cheche). Lilianza kumisi, taa ya injini ikawaka, na kwenye foleni harufu ya oili inayoungua inaingia mpaka ndani. Mashine ya kupimia ikatoa kodi (namba ya hitilafu) P0302, yaani silinda namba 2 haichomi sawasawa.

Kodi hiyo inakuonyesha silinda tu, haikwambii kifaa kipi kimekufa. Wengi hapo hukimbilia kununua koili zote nne. Kwangu huko ni kutupa hela. Nilihamisha koili ya 2 nikaiweka 3, nikafuta kodi, nikawasha. Ikaja P0303. Koili ndiyo mbovu, basi.

Ila imeuawa na nini? Mpira wake ulikuwa umevimba na kulegea, na shimo la plagi lina oili karibu nusu. Sili za mashimo hayo, chini ya tapeti kava (mfuniko wa juu ya injini), zilikuwa zimekakamaa kama plastiki. Gasketi ya kava hiyo nayo ilivuja kwa nyuma na kudondokea ekzosi, harufu ikajieleza.

Nyonya oili kwa kitambaa kabla ya kufungua plagi, la sivyo itaingia kwenye silinda. Nikabadilisha gasketi, sili, plagi na koili moja. Pia valvu ya PCV, inayopumua presha na mvuke wa ndani ya injini: ukiitikisa inatakiwa ilie, yangu ilikuwa kimya, imeziba. Ikiziba, presha ya ndani husukuma oili nje, na sili mpya hazitadumu.

Kodi haijarudi.