Kura ya Uncommitted, tulichokiona huku Minnesota
Jamani watu wananiuliza sana eti hizi harakati za Palestina huku Marekani zina nguvu gani, mi nawaambia nilichokiona hapa Minneapolis. Machi 2024 kwenye kura ya mchujo ya chama cha Democratic, ya kumpata mgombea urais, meseji zilikuwa zinamiminika kwenye simu, msikitini vijana wanagawa vikaratasi, wengi wao Wasomali na wengine wamekulia Kenya kwa hiyo tunapiga stori kwa Kiswahili kabisa, wanasema usimpe Biden, weka tiki kwenye Uncommitted, yaani humchagui mgombea yeyote, mpaka vita vya Gaza visimame. Nikaweka. Jimbo la Michigan walishatangulia Februari, walitaka kura 10,000 tu wakapata zaidi ya 100,000! Huku kwetu tukafika karibu asilimia 19, hela za kampeni kiduchu, ni simu na miguu tu.

Lakini tusidanganyane. Agosti kwenye mkutano mkuu wa chama Chicago wajumbe wa Uncommitted waliomba Mmarekani mwenye asili ya Palestina apewe dakika chache tu jukwaani, wakanyimwa, wakalala nje ya ukumbi kwenye lami. Na mwaka huohuo AIPAC, kundi linaloitetea Israel, wakamwaga mamilioni ya dola, Jamaal Bowman na Cori Bush, wabunge wa Democratic walioikosoa Israel, wote wakang'oka kwenye mchujo. Novemba Trump akachukua Michigan, hadi Dearborn, mji wa hukohuko wenye Waarabu kibao, akaongoza, ndo jamaa wa chama wakaanza kutunyooshea vidole sisi. Sisi tena? Si tuliwaambia mapema kabisa, tena kwa kura!