Nilivyofundisha kuelea na kuzama bila kuanza na densiti

Wanafunzi wa sayansi wa madarasa ya chini huja na jibu lao tayari: kizito huzama, chepesi huelea. Ukiwaambia si hivyo wataitikia "ndiyo mwalimu", kisha kwenye mtihani wataandika lilelile. Kwa hiyo sikubishana nao. Nilitia ndani ya beseni gogo lililohitaji mikono miwili kulibeba, halafu kijiwe kidogo. Gogo likaelea, kijiwe kikaenda chini moja kwa moja, na darasa zima likaanza kujibishana.

Hapo nikafunga jiwe kwenye mpira mwembamba na kulining'iniza kando ya rula. Mpira ukavutika. Nilipolishusha jiwe taratibu ndani ya maji, mpira ukafupika mbele ya macho yao. Kila mtoto alitaka kushika mwenyewe, nami niliwaacha, maana mkono huelewa haraka kuliko sikio. Maji yanasukuma juu. Jiwe la gramu 260 lenye ujazo wa sentimita za ujazo 100 huondoa gramu 100 za maji, hivyo likiwa limezama mizani husoma gramu 160 tu. Archimedes wa Sirakusa aliieleza kanuni hii katika karne ya 3 kabla ya Kristo: msukumo wa juu ni sawa na uzito wa maji yaliyoondolewa. Kile kisa cha kutoka bafuni mbio akiwa uchi nilikiruka. Kinachekesha sana, na kipindi huishia hapo.

Kilichofungua mambo hasa ni udongo wa kufinyangia. Donge likazama kwenye chombo kiangavu, nikaweka alama ya kalamu pale maji yalipofika. Udongo uleule tukaufinyanga kama bakuli, ukaelea, na maji yakapanda juu ya ile alama. Wengi walitarajia yashuke. Nikawauliza ni lipi limesukuma maji mengi zaidi, nikanyamaza. Msichana mmoja wa nyuma akasema, "Bakuli limechukua nafasi kubwa, ndiyo maana maji yanaweza kulibeba." Meli ya chuma nayo ikaeleweka papo hapo: ndani yake imejaa hewa.

Baada ya hapo ndipo nilipolitaja neno densiti, yaani tungamo gawanya kwa ujazo. Maji ni gramu 1 kwa kila sentimita ya ujazo, chuma karibu 7.9, barafu 0.92, ndiyo maana sehemu kubwa ya barafu hukaa chini ya maji. Yai bichi lililozama tuliliinua kwa kukoroga chumvi nyingi, kwani maji ya chumvi yana densiti kubwa zaidi.

Sindano iliyolazwa juu ya maji niliiacha kwa makusudi. Ile imeshikiliwa na mvutano wa uso wa maji. Ukiibonyeza kidogo inazama na hairudi. Ukiichanganya na somo hili, jibu la zamani linarudi.