Ule Mstari Kwenye Ateri ya Mapafu

Binti yangu, aliyeanza masomo ya udaktari mwaka huu, aliniuliza juzi kama mshipa unaweza kuchanika bila damu kumwagika nje, na mara nikamkumbuka yule mama wa Likoni, Mombasa.

Walimvusha kwa feri jioni, akihema na kujishika kifua. Tangu utotoni aliambiwa kwamba mshipa mdogo unaounganisha aota (mshipa mkuu unaotoa damu moyoni kwenda mwilini) na ateri ya mapafu (mshipa unaopeleka damu mapafuni), ambao kwa kawaida huziba siku chache baada ya mtoto kuzaliwa, kwake haukuziba; kwa hiyo, miaka nenda miaka rudi, damu ya aota ilisukumwa kwa nguvu ndani ya ateri isiyoumbwa kuhimili shinikizo kubwa. Daktari alihofia donge la damu mapafuni, akaagiza skani ya CT.

"Pole, mama," nilimwambia. "Dawa ikiingia utahisi joto mwili mzima, kisha litapita."

"Haya, mwanangu. Fanya kazi yako."

Donge huonekana kama doa jeusi katikati ya dawa hiyo, ambayo hung'aa kwenye picha, na doa hilo sikuliona. Niliona shina la ateri lililotanuka kuipita aota iliyo kando yake, na ndani yake mstari mwembamba kama uzi, umepinda kidogo, dawa ikiwaka upande mmoja na kufifia upande wa pili. Niliogopa kuuamini, kwa sababu mdundo wa moyo huweza kuchora mstari wa uongo mahali hapo hapo. Daktari wa radiolojia akavuta kiti, akaufuata kipande kwa kipande hadi ateri inapogawanyika, kisha akaigeuza picha tuitazame kwa ubavu. Mstari haukutoweka. Eko ya moyo, yaani kipimo cha mawimbi ya sauti, ikauonyesha ukipepea kwa kila pigo: ulikuwa utando wa ndani uliochanika, damu ikajipenyeza katikati ya ukuta wa ateri. Ukuta wa nje ukipasuka, damu hujaa kwenye mfuko wa moyo na kuubana, ndiyo maana wagonjwa wengi wa zamani wenye mchaniko huu walitambuliwa wakiwa wameshafariki.

Usiku huo huo alipelekwa Nairobi kwa wapasuaji. Nilisikia alifika; zaidi ya hapo sikupata habari, na siwezi kudai kwamba tulimwokoa. Ninachokijua ni kwamba dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo ilikuwa imeshaandaliwa kwa ajili ya donge, hakuchomwa.