Kurasa Zilizobaki Baada ya Pete Kuyeyuka

Kaka aliponiazima The Return of the King, juzuu ya tatu na ya mwisho ya The Lord of the Rings, riwaya ya J.R.R. Tolkien, alichomeka karatasi mwishoni mwa sura ya tatu ya Kitabu cha Sita (juzuu hii ina sehemu mbili, Kitabu cha Tano na cha Sita). "Ukifika hapo umemaliza, mdogo wangu. Yaliyobaki ni kuagana tu." Nilifika hapo, nikaichomoa karatasi, nikaendelea na sura sita zilizosalia. Nilipomrudishia kitabu, tulibishana jioni nzima.

Kuhusu nusu ya kwanza hatukugombana. Juzuu ya pili inatuacha Frodo, hobiti (mmoja wa watu wadogo wa hadithi hii) aliyetumwa kuiangamiza pete ya adui mkuu Sauron, yu hai lakini ametekwa. Kisha Tolkien anatupitisha sura kumi za Kitabu cha Tano bila kumgusa. Katika sura ya mwisho ya hizo, mjumbe wa Sauron anawaonyesha rafiki zake Frodo fulana yake ya mithril, madini ya thamani, joho la kijivu na upanga mfupi wa Sam, mtumishi wake. Hatujui Sam alishamwokoa bwana wake, kwa kuwa siku hizo tutasimuliwa baadaye, Kitabu cha Sita kitakaporudi nyuma. Anayesoma kwa kufuata tarehe za Kiambatisho B, orodha ya matukio iliyo mwishoni mwa juzuu, akirukaruka kati ya vitabu viwili, anaiua taharuki hiyo kwa mkono wake. Kaka aliusifu pia upanga wa Merry, hobiti mwingine: ulitoka kaburini katika juzuu ya kwanza, umefuliwa na maadui wa Angmar, ufalme wa zamani wa mfalme wa Nazgûl, mizuka inayomtumikia Sauron. Ndiyo maana ulivunja kinga ya mfalme huyo, na Éowyn, binti wa ukoo wa kifalme wa Rohan, akaweza kummaliza.

Ugomvi ulianzia Mount Doom, mlima wa moto ambako pete ingeweza kuangamizwa. Frodo anasimama ukingoni, anakataa kuitupa pete, anaivaa. Gollum, aliyewahi kuimiliki pete hiyo na bado anaitamani, anamkata kidole chenye pete kwa meno, anateleza, anatumbukia nayo. "Bahati nasibu," akasema kaka. Nikamfungulia kurasa chache nyuma, mlimani, ambako Frodo anamwonya Gollum kwamba akimgusa tena atatupwa motoni. Isitoshe, Gollum asingefika pale kama Bilbo (aliyemwachia Frodo pete), Frodo na hatimaye Sam wasingemwonea huruma, kila mmoja kwa wakati wake. Mwandishi alishapanda mbegu hiyo tangu mapema.

Na kama Frodo alishindwa dakika ya mwisho, kitabu kitaishaje pale? Sura ya nane ya Kitabu cha Sita ndiyo niliyoitetea zaidi. Mahobiti wanne, Frodo, Sam, Merry na Pippin, wanarudi Shire, nchi yao, na kuikuta miti imekatwa, chakula kimekusanywa na majambazi, mchawi msaliti Saruman akiwa nyuma ya yote. Mchawi Gandalf, kiongozi wao, alishawaacha njiani kwa makusudi: kazi hii ni yao. Merry na Pippin wanapanga mapigano. Mahobiti kumi na tisa wanakufa, na karibu majambazi sabini. Frodo hachomoi upanga, anazunguka akizuia wanaosalimu amri wasiuawe. Filamu ya 2003 iliyotokana na juzuu hii iliiacha sura hiyo, na nadhani ndiyo sababu wengi huiona safari ya kurudi kama mkia usio na kazi. Bila sura hiyo, vita ni jambo lililotokea mbali kwa watu wengine.

Halafu kuna maradhi. Kila Oktoba jeraha la bega linamrudia Frodo. Kila Machi, sumu ya Shelob, buibui mkubwa aliyemchoma. Sam anapanda miti, anaoa, anapata mtoto. Aliyebeba pete hapati nafuu, na mwaka wa pili baada ya ushindi anapanda merikebu aondoke. Kaka alinyamaza kidogo, akasema, "Hii sikuifikiria. Lakini ile harusi je?"

Harusi sikuweza kuitetea. Aragorn, mfalme anayerudi kwenye kiti chake, anamwoa Arwen, binti wa Kielfu, na msomaji ambaye amemwona bibi harusi mara chache tu tangu juzuu ya kwanza anatakiwa afurahi. Mapenzi yao yamewekwa Kiambatisho A, kana kwamba ni nyaraka za ziada. Viambatisho hivyo vilichangia kuichelewesha juzuu hadi Oktoba 1955, karibu mwaka mzima baada ya ya pili, na bado kipande hicho kikabaki nje ya hadithi yenyewe. Éowyn naye anaacha kutamani kifo na kumpenda Faramir, bwana wa Gondor, katika kurasa chache mno. Hata jina la juzuu lina walakini: Tolkien mwenyewe alipendelea The War of the Ring, maana hili lililochapishwa linamwambia msomaji mapema mno kwamba mfalme atarudi.