Siku yangu na ditekta Kongwa: mlio kwanza, namba baadaye

Saa 12 asubuhi. Stendi ya Nane Nane, Dodoma. Ditekta, mashine ya kusaka vitu vya metali ardhini, nimeiviringisha kwenye kiroba, maana abiria wakiiona tu wataanza habari za dhahabu. Babu, fundi wangu, hajibu swali lolote kabla ya chai.

Saa 2. Tumeshuka Mbande, bodaboda hadi shambani. "Mbukwenyi!" tunasalimia Kigogo. Mama mwenye shamba anaitikia na kutuwekea sharti: mtakachookota tugawane, mashimo mfukie. Mtendaji wa kijiji ana taarifa zetu. Babu hataki mchezo na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964: kilichotengenezwa na watu kabla ya 1863 hakiguswi. Sisi tunatafuta senti za mkoloni.

Huku ndiko Waingereza walikojaribu kulima karanga, 1947 hadi 1951. Karanga ziliwashinda. Misumari na nati ndivyo vilivyobaki.

Saa 3. Kusawazisha mashine na ardhi. Udongo huu mwekundu una madini ya chuma, ukizembea ardhi yenyewe inalia. Unainua koili, ile sahani ya chini ya mashine, unaishusha, unarekebisha mpaka inyamaze.

Saa 4. Mlio mkali, namba ya juu kwenye kioo cha mashine! Nimechimba kwa pupa: kizibo cha soda. Nikarudia, kizibo. Cha tatu Babu akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mjukuu wangu, macho yako yako kwenye kioo. Masikio umeyaacha Dodoma?"

Akaniondoa mbele ya mashine. Pitisha koili kushoto na kulia, kisha zunguka robo duara upitishe tena. Sarafu iliyolala bapa inalia vilevile kila upande. Msumari wenye kutu unaweza kulia kama fedha ukija huku, ukija kule unakoroma au unakatikakatika. Kizibo ndicho tapeli mkubwa: rudisha koili nyuma taratibu mpaka ncha yake tu ndiyo ipite juu, mara nyingi hapo ndipo kinapoanza kunguruma kichuma.

Nikamwuliza kwa nini tusizime milio ya chuma tupumzike. Akatoa mfukoni shilingi ya 1987: chuma kilichovikwa nikeli. Ukizima chuma, na hii umeizima.

Saa 7. Ugali wa uwele na mlenda. Jua limetushinda, tumelala chini ya mbuyu.

Saa 9 na nusu. Mlio mdogo, kama mtu anayeita kutoka chumba cha pili. Nikazunguka robo. Uleule. Nikazunguka tena. Uleule. Kina cha shubiri moja, bonge la udongo likalia mkononi mbele ya koili. Nikalivunja: duara la kijani, tundu katikati. Nilipotaka kulisugua kwenye suruali Babu alinipiga kofi la mkono. Maji tu! Senti kumi, pembe za ndovu kandokando ya tundu, GEORGIVS SEXTVS REX, 1951. Zile za kabla ya uhuru wa India, anasema Babu, zilimtaja mfalme huyohuyo kuwa mtawala wa India pia.

Saa 11 jioni. Tumefukia. Hesabu: vizibo 14, misumari sikuhesabu, sarafu mbili. Ya pili ni senti 20 yenye ndege mbuni. Mama akachagua ya tundu bila kusita. Mama yake alikuwa akizitunga kwenye kamba na kujifunga kiunoni.

Nimerudi mjini na mbuni wangu. Vizibo Babu kanipa vyote, nikavifukie uani nijifunze kuvisikia.