Solfa ya mama yangu katika bonde la Rhondda

Ile fomu ya kujiunga na kwaya ilikuwa ya ukurasa mmoja tu. Jina, nambari ya simu, mtu wa kupigiwa ukiugua ghafla, kisha mstari wa mwisho: eleza usuli wako wa muziki. Nikashika kalamu nikaandika neno moja. Sina.

Ilikuwa Jumanne jioni, mwezi wa Novemba, mvua ya huku ile ya kunyunyiza mchana kutwa. Nilikuwa nimeteremka basi Treorchy, sehemu za juu za bonde la Rhondda, Wales kusini, mji wa nyumba zilizoshikana bega kwa bega kando ya barabara na mlima ukiwa umesimama nyuma ya kila ua. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu za usiku mara nyingi, na Jumanne ndiyo siku yangu ya mapumziko. Mwenzangu kazini, muuguzi kutoka Kerala kule India, ndiye aliyenivuta: njoo tuimbe, hawamfanyii mtu mtihani.

Hilo la mtihani ndilo lililonileta. Miaka miwili nyuma nilikuwa nimejaribu kwaya nyingine, ya mjini. Walinipa karatasi yenye mistari mitano na vidoti vyake, wakabonyeza sauti moja ya piano, wakaniambia imba. Nikasimama pale nikitazama vile vidoti kama mtu aliyepewa barua ya lugha asiyoijua. Wakanishukuru kwa kuja. Sikurudi, na tangu siku ile nikajihesabu kuwa mtu asiyejua muziki. Mimi, niliyekulia kwenye kwaya ya kanisa Wundanyi, kwenye milima ya Taita, mtoto wa mwalimu wa kwaya!

Kwaya hii hufanyia mazoezi kwenye ukumbi wa nyuma wa kanisa la zamani. Watu kama thelathini na tano, chai na biskuti katikati, viti vya mbao vinavyolia ukijisogeza. Nilikaa sauti ya pili, pembeni ya bibi wa miaka themanini na nne. Ananiita mpenzi, kama wanavyoita watu wote huku, na aliponiambia nimwite kwa jina lake la kwanza nilishindwa. Ulimi ulikataa. Nikamweleza kwamba kwetu mtu wa umri wake haitwi jina kavukavu. Akafikiri kidogo, akasema basi niite Mam-gu. Ndivyo Wawelsh wa kusini wanavyomwita nyanya.

Mam-gu alikuwa na penseli, na kazi aliyokuwa akiifanya na ile penseli ilinifanya nisahau kuimba. Mwalimu alikuwa ametugawia wimbo mpya ulioandikwa kwa mistari mitano. Yeye alikuwa ameinama juu ya karatasi, na juu ya kila kidoti cha sauti ya pili alikuwa akiandika herufi ndogo. d, m, s. Kisha nukta mbili, kisha kistari cha kuivuta sauti. Akifika panapopanda anatia mkwaju mdogo juu ya herufi. Nikaanza kuzisoma moyoni bila kujijua, na punde nikawa naziimba kwa sauti ya chini. Do, mi, so, so, fa, mi.

Akageuka. "Umejifunza wapi sol-ffa?"

Nikamwambia: kwa mama yangu.

Hapo ndipo nilipopata kuelewa kitu ambacho miaka yote hakuna aliyenieleza. Nilidhani solfa, muziki wa kuandikwa kwa herufi za do, re, mi, ni jambo la kwetu, la shule zetu maskini zisizo na piano. Ngazi ya muda ya kutumia mpaka mtu apate muziki wenyewe. Kumbe mabonde haya yote yalijifunza kuimba kwayo. Mwalimu mmoja wa kike wa Norwich, Uingereza, Sarah Ann Glover, ndiye aliyebuni njia ya kuwafundisha watoto kwa herufi, na mchungaji John Curwen akaichukua kwenye miaka ya 1840, akaitengeneza na kuieneza. Ile "si" ya zamani ikageuzwa "ti" ili herufi yake isigongane na ya "so". Nguvu yake ilikuwa kwenye mambo mawili. Kwanza, do inahama: popote wimbo unapoanzia, nyumbani panaitwa do, kwa hiyo unajifunza umbali wa sauti na sauti, si jina la kila kibonye cha piano. Pili, ilichapishwa kwa herufi za kawaida tu, zilezile za gazeti, kwa hiyo karatasi ya wimbo ilikuwa rahisi kiasi cha mchimba makaa kuweza kuinunua. Mwaka 1861 Eleazar Roberts wa Liverpool alitoa mafunzo yake kwa Kiwelsh, na makanisa ya huku yakaipokea kama ardhi kavu inavyopokea mvua. Mpaka leo Kiwelsh huita muziki wa mistari mitano "hen nodiant", yaani maandishi ya zamani. Solfa ndiyo iliyokuwa mpya, ya kisasa, ya watu wanaokwenda mbele. Na kitabu cha nyimbo cha makanisa yao kilichotoka mwaka 2001 kina chapa yake ya solfa.

Wamisionari waliibeba ileile mpaka Afrika. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule wa Afrika Kusini, alipotunga mwaka 1897 ile sauti ambayo leo ndiyo wimbo wa taifa wa jirani zetu Tanzania, aliandika kwa solfa. Kwetu Kenya ikaingia makanisani na mashuleni, na watoto wa tamasha la muziki, lililoanza mwaka 1927, wamekuwa wakikariri nyimbo zao kwa solfa kabla ya kuonyeshwa maneno. Mama yangu alitufundisha hivyohivyo. Kwanza herufi, mpaka zikae. Maneno ni ya wiki ya pili.

Jumanne iliyofuata Mam-gu alinipeleka kwenye kabati nyuma ya viti. Akatoa karatasi kubwa iliyogandishwa kwenye kitambaa, imezungushwa kwenye fimbo, rangi ya chai nyepesi, kingo zimeliwa. Tukaikunjua sote wawili, yeye ameshika juu, mimi chini. Safu ya katikati ilikuwa imepangwa wima kama ngazi: DOH chini, RAY, ME, FAH, SOH, LAH, TE, na DOH nyingine juu. Pembeni safu nyingine nyembamba, za kuonyesha wimbo unapohamia ufunguo mwingine. Katikati ya karatasi, kando ya SOH, palikuwa pamechakaa mpaka kitambaa kinaonekana, kwa miaka ya kuguswa na ncha ya fimbo. Akiwa msichana alikuwa akikaa mbele ya karatasi hiyo kila wiki. Mwalimu hasemi neno, anaelekeza fimbo tu, na watoto wanafuata. Nilimwona mama yangu mbele ya ubao wa shule, na ile fimbo yake ya mti wa kahawa, akipanda na kushuka ngazi ya chaki. Kimya vilevile, na wa kukosea alitazamwa tu.

Nilirudi kwa katibu nikaomba fomu yangu. Nikafuta ile "sina".

Na kwa kuwa nilikuwa nimejifunza jambo, nikaanza kuwauliza wengine waliandika nini. Wengi, Mungu ananiona, walikuwa wameandika kama mimi. Hakuna. Kidogo. Kanisani tu. Huku kuna mitihani ya muziki ya ngazi nane yenye vyeti vya kutundika ukutani, na asiye na cheti anadhani hana kitu.

Mzee mmoja wa besi aliandika "bendi, zamani". Bendi, zamani! Alianza kupiga yufoniamu, lile tarumbeta nene la kupakatwa kifuani, akiwa na miaka tisa, kwenye bendi ya wachimba makaa, akaendelea nalo miaka arobaini. Alishuka shimoni akiwa na miaka kumi na tano na akakaa humo mpaka Maerdy, shimo la mwisho la bonde la Rhondda, lilipofungwa mwaka 1990. Niligundua kwamba kwenye besi huwa anapotea akitazama karatasi, na nikamuuliza kwa nini, mtu wa bendi miaka yote hiyo. Akanieleza kwa subira sana. Kwenye bendi hizo karibu ala zote, hata zenye sauti nzito, huandikiwa ufunguo mmoja, ule wa sauti za juu, ili mtu akihama kutoka ala ndogo kwenda kubwa vidole visianze kujifunza upya. Basi yeye ana sauti ya besi na macho ya soprano. Ila pumzi! Mstari ambao wenzake wanaukata mara tatu, yeye anaubeba wote mara moja, na wanaomzunguka wanaegemea kwake.

Ndiye aliyenisimulia habari ya Paul Robeson, yule mwimbaji Mweusi wa Marekani. Mwaka 1957 serikali ya Marekani ilikuwa bado imemnyima pasi, hawezi kutoka, na wachimba makaa wa Wales wakamwalika kwenye tamasha lao pale Porthcawl. Akaimba kwa simu. Yeye yuko New York kwenye studio, sauti inapita kwenye waya chini ya bahari, na ukumbi mzima wa watu wa makaa unasikiliza, kisha nao wanamwimbia. Baba yake mzee huyu alikuwamo ukumbini. Mzee alikuwa na miaka minane, na anakumbuka baba aliporudi hakuongea mpaka amalize chai.

Rafiki yangu wa Kerala alikuwa ameandika "kanisa", lakini hiyo ni nusu tu. Tangu utotoni alisomeshwa muziki wa Kikarnati, ule wa jadi wa India kusini: sa, ri, ga, ma, pa, da, ni. Nayo sa inahama! Inakaa pale sauti ya mwimbaji inapokaa vizuri, na chini yake hunguruma sauti moja isiyokoma ya kumshikilia. Jioni moja mwalimu alitoa sauti ya kuanzia, nikamsikia ananong'ona, "Sa ni ile?" na Mam-gu, ambaye hajui lolote la India, akajibu, "Doh, mpenzi, ndiyo ile." Watatu sisi, viti vitatu mfululizo, kila mmoja nyumbani kwake na wote mahali pamoja. Nyuma yetu yuko kijana mmoja wa sauti ya tenor aliyesomea piano chuo kikuu, sikio lake linajua kila sauti kwa jina. Kwaya ikishuka nusu sauti bila kinanda, naye anaumia kama mtu mwenye jino, wakati sisi wa do inayohama tumeteremka pamoja na nyumba yetu wala hatuna habari. Yupo na anayesema alijifunzia kuimba sauti nne uwanjani, kwenye mechi za raga za Cardiff. Namwamini. Nimesikia watu hawa wakiimba.

Mwezi uliopita nilimsimulia mama haya yote kwa simu. Alisikiliza kama anavyosikiliza siku zote, akiguna tu. Kisha akaniuliza, "Hilo bonde lenu ulisema linaitwaje?" Nikamtajia. Akanyamaza. "Liandike mwanangu, nilione." Nikaliandika.

Asubuhi nilikuta picha kwenye simu. Ukurasa wa daftari la mazoezi la shule, mistari ya bluu imefifia, mwandiko wake wa kialimu, sauti nne za solfa zimepangwa moja chini ya nyingine, na juu kabisa, kwa herufi kubwa, CWM RHONDDA. Aliinakili akiwa chuo cha ualimu, kutoka kwenye kitabu cha nyimbo cha Kiingereza ambacho huweka jina la sauti juu ya wimbo. Miaka yote alidhani ni jina la aliyeitunga. Maana yake ni bonde la Rhondda. Aliyeitunga ni John Hughes, na iliimbwa mwaka 1907 kwenye kanisa moja karibu na Pontypridd, walipokuwa wakizindua kinanda chao. Pontypridd ni kituo cha basi ninachokipita nikienda Cardiff.

Jumanne nilimpa Mam-gu ile simu. Akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza. Kidole chake kikafuata sauti ya pili, herufi kwa herufi, akifika panapokunjwa karatasi anasogeza picha kama nilivyomfundisha. Hakukosea hata mahali pamoja. Pale besi wanaporudia, yule mzee wa yufoniamu akaja kusimama nyuma yetu, akaziimba bila karatasi.

Ilikuwa saa mbili usiku, kwetu saa tano. Nikampigia mama, nikijua halali kabla ya taarifa ya mwisho. Nikamwambia nyanya niliyekusimulia yuko hapa.

"Shikamoo yangu mfikishie. Anaimba sauti ya ngapi?"

"Ya pili, mama. Kama wewe."

"Basi mwambie aanze yeye."

Simu ilikuwa inachelewesha sauti, hawakuweza kwenda pamoja. Mam-gu aliimba mstari wa kwanza, herufi tupu bila maneno, akanyamaza akiwa ameishikilia simu kwa mikono miwili. Tukangoja. Kisha kutoka Wundanyi, mbali na karibu, ukaja mstari wa pili.